Jibu kwa mchambuzi mdogo anayetoka ofisini saa nne usiku

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Nina miaka 25, ni mchambuzi mdogo kwenye kampuni ya ushauri elekezi hapa Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa nane na nilishathibitishwa kazini. Mshahara wa msingi ni laki tisa. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa nne usiku, na Jumamosi nafanya kazi saa tatu hadi saa nane mchana. Kwenye fomu ya saa tunaambiwa tujaze saa nane tu kwa siku kwa sababu bajeti ya mradi imeisha. Mkataba unasema mshahara 'unajumuisha kazi zote za ziada'. Meneja anatusema kwenye grupu la WhatsApp usiku, na mara mbili ameniambia ndiyo maana hapendi kuajiri wasichana, wakiolewa kazi basi. Nilipokwenda fildi Kigoma nilijilipia malazi, posho ikaja baadaye sana. Wenzangu wawili hawana hata NSSF, wanaitwa washauri binafsi. Nikiondoka kabla ya miaka miwili nadaiwa milioni tatu za mafunzo. Nyumbani wananiambia nivumilie, CV itapanda. Nivumilie au niache? Na hivi ni halali?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na uhalali kwa sababu jibu lake ni jepesi: sehemu kubwa ya uliyoyaandika si halali. Swali la kuvumilia au kuacha ni gumu zaidi, na sitaki ulijibu kabla hujaelewa kwa nini unatoka saa nne usiku. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya bosi mkali. Bosi mkali anachangia, lakini chanzo kiko kwenye ile fomu ya saa.

Sheria kwanza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi sita. Ukijumlisha na ovataimu, mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Ovataimu yenyewe lazima iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na ilipwe angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kati ya kutoka kazini na kurudi unatakiwa upate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5.

Sasa chukua ratiba yako. Saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 13. Kwa siku tano ni 65, na Jumamosi tano, jumla 70 kwa wiki. Ziada ni saa 25 kwa wiki, yaani 100 kwa wiki nne, mara mbili ya kikomo. Mapumziko kati ya siku na siku ni saa 10. Kwa hiyo hata kampuni ingekulipa kila senti, ratiba hiyo ingekuwa bado imevunja sheria mara tatu.

Na fedha? Jedwali la kwanza la sheria hiyo linatoa njia ya kukokotoa: mshahara wa mwezi gawanya kwa saa za wiki, kisha gawanya kwa 4.333. Laki tisa zako zinakuwa kama shilingi 4,615 kwa saa, na saa ya ziada kama 6,920. Saa 100 ni karibu shilingi 692,000 kila wiki nne. Nyongeza ya usiku ni ndogo, haifiki elfu kumi na tano. Unaona sasa kwa nini mkataba uliandikwa "unajumuisha".

Kifungu hicho cha mkataba kisikutishe sana. Viwango vya chini vya kazi vilivyowekwa na sheria vinahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wako hata kama havikuandikwa. Mwajiri anaweza kukupa zaidi ya viwango hivyo. Kukupa pungufu kwa sababu tu ulisaini siku ya kwanza ukiwa na furaha ya kupata kazi, hilo hawezi, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imetoa nafasi ya kukubaliana vingine. Utetezi utakaousikia ni kwamba wewe ni "mtaalamu" au "menejimenti" hivyo saa hazikuhusu. Sheria inawaondoa kwenye kanuni za saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mchambuzi mdogo unamsimamia nani? Ukipewa cheo cha "meneja mshiriki" bila mtu hata mmoja chini yako, cheo hicho ni cha kwenye kadi ya biashara.

Wenzako wawili wana hali mbaya kuliko yako, na huenda hawajui kwamba wana silaha. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo ikiwa jambo lolote kati ya kadhaa lipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwenye kazi, ni sehemu ya ofisi hiyo, anategemea kipato cha hapo, anapewa vitendea kazi, anamtumikia mtu mmoja tu, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kwa mwezi, siyo kwa wiki! Anayekaa meza ya jirani yako na kutumia kompyuta ya ofisi ametimiza karibu vyote. Kumkata kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hajayapokea, ya asilimia 5 na kumwita mshauri binafsi hakubadilishi hilo, ila kunamkosesha NSSF, likizo ya siku 28 na malipo ya ugonjwa.

Nakuja sasa kwenye fomu ya saa. Nimekuwa upande wa kupanga bei za zabuni kabla sijaanza kazi hii ya usuluhishi, kwa hiyo nakueleza jinsi mambo yanavyopikwa.

Kampuni za ushauri elekezi zinauza muda wa watu. Juu kuna wabia wachache ambao kazi yao ni kutafuta wateja, katikati mameneja, na chini ninyi vijana wengi mnaokusanya takwimu, kuchambua na kuandika. Faida inatoka kwenye tofauti kati ya bei ya siku yako anayotozwa mteja na gharama yako halisi. Hilo si dhambi, ndiyo biashara yenyewe. Matatizo yanaanza pale kazi inapouzwa kwa bei moja isiyobadilika, jambo ambalo ni la kawaida sana kwenye tathmini za miradi ya wafadhili na kazi za taasisi za umma. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, zinatoka, kampuni nne au tano zinashindana, na mbia anajua bei ikipanda tu wamekosa. Anapunguza nini? Hawezi kupunguza tiketi za ndege, hawezi kupunguza malipo ya mtaalamu mkuu ambaye jina lake ndilo linaipa zabuni alama. Anapunguza siku za wachambuzi wadogo. Chukua mfano wa kazi inayohitaji siku 110 za mchambuzi: kwenye andiko la zabuni zinaingizwa siku 60. Zabuni inapatikana, watu wanapongezana, na zile siku 50 zilizobaki zinatafutiwa mahali pa kwenda. Zinakwenda kwenye usiku wako na Jumamosi yako.

Hapo bado ni tamaa ya kawaida. Kinachofanya jambo hili lisiishe ni kwamba mnaambiwa mjaze saa nane. Mradi unapofungwa, kumbukumbu za kampuni zinaonyesha kazi ilikamilika kwa siku 60 kamili. Meneja anapata sifa kwamba hakuvuka bajeti. Zabuni inayofuata ya aina hiyo inapangwa kwa kuangalia ile iliyopita, nayo inaingizwa siku 60, pengine 55 kwa sababu "safari hii tuna uzoefu". Hakuna karatasi yoyote huko juu inayoonyesha kazi ilichukua 110, kwa sababu mlioifanya ni ninyi na mmeandika nane. Wabia wengine wanajua na wananyamaza. Ila nimekutana na wengine ambao kwa kweli waliamini vijana wao wanaondoka saa kumi na moja, maana ripoti za mwezi zilikuwa zinasema hivyo.

Kwa hiyo unapojaza saa nane, unapoteza ovataimu ya mwezi huu, na pia unasaidia kupanga usiku wa kijana atakayekuja mwakani. Sikulaumu, umeagizwa. Lakini ujue ni wapi pa kushika.

Tangu kesho weka kumbukumbu yako mwenyewe. Daftari dogo linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulikuwa unafanya nini, nani alikuagiza. Andika siku hiyohiyo, usikae ukakumbuka mwisho wa wiki. Hifadhi zile jumbe za usiku. Kama agizo la kujaza saa nane lilitolewa kwa mdomo, tuma ujumbe mfupi wa heshima: "Habari za asubuhi bosi, nathibitisha kama ulivyoelekeza jana, tujaze saa 8 ingawa kazi ilikwenda hadi saa 4 usiku." Akijibu "ndiyo", una ushahidi. Akikaa kimya, ujumbe wako bado upo. Akikupigia simu na kusema usiandike mambo hayo, andika kwenye daftari kwamba alipiga. Kitu kimoja tu usifanye: usichukue nyaraka za mteja wala mafaili ya mradi na kuyahamishia kwenye barua pepe yako binafsi ili yawe ushahidi. Ni siri ya kazi, mara nyingi zina taarifa binafsi za watu waliohojiwa, na utakuwa umempa mwajiri sababu halali ya kukufukuza ambayo hakuwa nayo.

Kwenye daftari hilohilo ongeza safu moja: muda wa kusubiri. Hili ni jambo ambalo sijaona vijana wakilitazama vya kutosha. Meneja anashinda kwenye vikao na wateja mchana kutwa, anafungua kazi yako saa kumi na mbili jioni, anaandika maoni saa moja, na wewe unaanza kurekebisha saa mbili usiku. Mchana ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unapanga rangi za slaidi ukisubiri. Ukipima kwa wiki mbili, usishangae ukikuta theluthi ya saa zako za usiku zimetokana na kungoja. Na habari njema ni kwamba sehemu hii inaweza kutatuliwa bila vita. Unaomba maoni yatolewe kabla ya saa nane mchana, au kazi ya jioni irudiwe kesho asubuhi, ukiwa na takwimu mkononi.

Watakuambia kazi hizi haziwezekani bila usiku. Leslie Perlow, profesa wa Harvard Business School, alijaribu jambo hili ndani ya Boston Consulting Group, kampuni isiyojulikana kwa uvivu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Timu zilitakiwa kumpa kila mtu jioni moja kwa wiki bila kazi wala simu, iliyopangwa mapema na isiyovunjwa. Ili liwezekane walilazimika kuongea wao kwa wao kuhusu nani anafanya nini na lini. Watu waliridhika zaidi na kazi, na wateja hawakulalamika kwamba ubora umeshuka.

Nenda na wenzako. Mtu mmoja akilalamika anaitwa mzembe, lakini wanne wakileta jedwali moja wanakuwa na hoja. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa benki ya Goldman Sachs huko Marekani walijifanyia utafiti wao wenyewe: wastani wa saa 95 kwa wiki, usingizi wa saa tano. Waliuweka kwenye slaidi, kwa mtindo uleule waliofundishwa kuwaandalia wateja, wakaupeleka kwa wakubwa. Uongozi ukalazimika kujibu, na baadaye mwaka huohuo mishahara ya ngazi yao ikapanda. Benki siyo ushauri elekezi, lakini ni jamaa wa karibu. Ninyi mnalipwa kuchambua takwimu. Chambueni za kwenu.

Mkishapata picha ya wiki nne hivi, ombeni kikao na mbia anayesimamia idara, meneja akiwepo. Msianze na sheria. Anzeni na mradi: siku zilizopangwa ni hizi, zilizotumika kweli ni hizi, tunaomba fomu ijazwe ukweli hata kama malipo yatajadiliwa baadaye. Ombi la kuandika ukweli ni gumu sana kulikataa mbele ya watu. Ombeni pia usafiri wa kurudi nyumbani kwa yeyote anayevuka saa mbili usiku. Na posho ya fildi itolewe kabla ya safari, kwa sababu haiwezekani mwenye mshahara wa laki tisa awe ndiye anayeikopesha kampuni. Baada ya kikao tumeni muhtasari kwa barua pepe.

Kama hakuna kinachobadilika, kuna Afisa Kazi, ambaye ana mamlaka ya kuingia ofisini na kukagua kumbukumbu, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mnaanza kwa usuluhishi na mkishindwana mnakwenda kwenye uamuzi. Angalia sana muda: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, yakiwemo madai ya ovataimu, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Watu wanakuja kwangu na madai mazuri ya mwaka juzi, na kabla ya kusikilizwa inabidi kwanza waeleze kwa nini walichelewa. Kukufukuza kwa sababu umedai haki iliyo kwenye sheria hakuhesabiwi kuwa sababu halali, na wewe umeshapita miezi sita ambayo kabla yake kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haifanyi kazi.

Kuhusu maneno ya meneja, nayatenganisha. Ukali wa jumla na kusemwa kwenye grupu ni tabia mbaya, lakini kwa peke yake ni vigumu kuifungulia shauri. "Sipendi kuajiri wasichana, wakiolewa kazi basi" ni jambo jingine. Sheria inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya ndoa na ujauzito, na unyanyasaji kwa misingi hiyo unahesabiwa kuwa ubaguzi. Andika siku, mahali, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Hili lipeleke kwa afisa utumishi kwa maandishi, peke yake, usilichanganye na ovataimu.

Sasa nivumilie au niache. Wanaokuambia CV itapanda hawakosei kabisa. Miaka miwili ya kazi nzuri za ushauri inafungua milango, na sipendi mtu aache kazi ya laki tisa kwa hasira wakati kodi ya nyumba inadaiwa kwa miezi sita. Swali ninalokupa ni hili: katika saa 70 za wiki iliyopita, ni ngapi zilikufundisha kitu ambacho hukukijua? Ukikuta ulisanifu dodoso, uliongoza wadadisi, ulikaa kwenye kikao cha mteja, uliandika sura ambayo meneja aliirekebisha na kukueleza kwa nini, basi kuna kitu cha kupigania na ningekushauri ukae, udai, huku ukitafuta kwingine taratibu. Ukikuta miezi minane yote ni kupanga majedwali na kusubiri maoni, huko hakuna CV inayopanda. Mwaka wa pili utafanana na wa kwanza.

Mwili nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Wewe uko 70. Ukianza kukosa usingizi hata siku za mapumziko, au kulia ukiwa njiani kwenda kazini, nenda hospitali na upate maandishi ya daktari. Likizo ya ugonjwa ni haki: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu.

Ukiamua kuondoka, toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kama mkataba hausemi zaidi. Usiache tu kwenda. Ipo njia ya kudai kwamba mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike na hivyo kukulazimisha kujiuzulu, lakini utaulizwa kama ulilalamika kwanza ndani ya ofisi na walikujibu nini, ndiyo maana nimesisitiza barua pepe. Ukiondoka wanapaswa kukulipa mshahara wa siku ulizofanya na likizo uliyolimbikiza, na wakupe cheti cha utumishi. Barua ya kukusifia si lazima waitoe, cheti ni lazima. Kwa hiyo jenga uhusiano na mtu mwingine wa kukuombea nafasi, labda mtaalamu mkuu wa nje uliyefanya naye ile kazi ya Kigoma.

Zile milioni tatu nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazokutisha kuliko zote. Waombe kwa maandishi stakabadhi za mafunzo hayo: yalifanyika wapi, yaligharimu kiasi gani, na katika miezi minane umeshayatumikia kwa kiasi gani. Chini ya Sheria ya Mikataba, mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, anayedai anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichotajwa ni dari tu. Kama mafunzo yalikuwa semina ya siku mbili ndani ya chumba chenu cha mikutano, ikiendeshwa na meneja yuleyule, watakuwa na kazi kubwa ya kuifikisha milioni tatu. Wala hawawezi kuzikata kwenye mshahara wako wa mwisho bila ridhaa yako ya maandishi au msingi mwingine wa kisheria. Kwa hiyo siku ya kukabidhi ofisi, ukiletewa karatasi ya kukiri deni pamoja na fomu ya kurudisha kompyuta, weka saini kwenye fomu ya kompyuta, na ile karatasi ya deni uombe nakala ukaisome nyumbani.